Sakafu ya Boke: niliiacha isiribwe, na alama ya kiatu ikaenda nayo

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi humu ni msomaji tu, mnanijua kwa kulike na kupita. Leo mnivumilie. Nitakachosema ni kweli tupu, nimebadilisha majina peke yake. Mkitaka kunitukana mwishoni nitukaneni, sitajibu.

Wiki jana kulikuwa na uzi hapa, watu wanacheka polisi waliozungushia utepe duka lililovunjwa. Mmoja akaandika, "Sasa hao wanalinda hewa?" Nikacheka na mimi. Halafu nikaacha simu, nikatoka nje nikakaa na kuku wangu mpaka jua likatua.

Kwa sababu niliwahi kupewa hiyo hewa niilinde. Sikuilinda.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa konstebo mpya, unifomu bado inawasha shingo, nimepangiwa kituo kidogo upande wa Rangwe, si mbali na Asumbi. Jina la kituo sitalitaja. Mama yangu alizaliwa mlima wa pili kutoka hapo, kwa hiyo wazee wa kijiji waliniita mjukuu wao kabla hawajaniita afande. Nilifurahia sana hilo. Laiti ningejua.

Chuoni tulikuwa na mwalimu mmoja wa Pwani, mzee mpole wa kofia, aliyetufundisha mambo ya scene. Vipindi vilikuwa viwili tu, na kimoja nililala nusu. Lakini hiki alichosema kilinibaki:

"Vijana, mahali pa uhalifu ingieni kama mnaingia kwa mama mkwe. Bisha hodi. Pita njia moja, rudi njia hiyo hiyo. Mikono mfukoni, usiguse sufuria ya mtu. Na kila unachokiona, kiandike kabla hakijahamishwa."

Darasa zima lilicheka. Alitwambia pia kwamba mtu haingii mahali bila kuacha kitu, na hatoki bila kuondoka na kitu. Uzi wa shati, unywele, tope, alama ya kidole kwenye glasi. Kazi ya polisi wa kwanza kufika si kumjua muuaji. Kazi yake ni kuhakikisha kitu hicho kiko pale pale wenye kamera na plasta ya kunakili nyayo watakapofika.

Kazi ndogo hivyo tu.

Sasa siku yenyewe.

Asubuhi, kama saa nne hivi, jirani alikuja stesheni na baiskeli, jasho linamtiririka. Boke amepigwa kichwani nyumbani kwake, amekimbizwa hospitali ya misheni kwa pikapu.

Boke alikuwa Mkuria wa kule Kegonga, ameolewa pale na Okoth, ambaye alikuwa kazini mbali na hurudi mwisho wa mwezi. Walikuwa na binti mmoja mdogo, Akinyi, siku hiyo alikuwa shule. Kila mtu alimjua Boke kwa kicheko chake na kwa Kiluo chake cha kuparaza, ambacho wanawake wenzake walikuwa wakikiiga kisimani, naye anacheka kuwashinda.

Koplo wangu alinipeleka mpaka mlangoni.

"Kijana, simama hapa. Mtu asiingie, hata kuku. Mimi naenda Homa Bay kuleta CID na kamera. Umesikia?"

"Ndio, Koplo."

Akaenda. Nikabaki peke yangu na mlango ulio wazi.

Wakuu, mliokulia nyumba za udongo mtanielewa haraka. Boke alikuwa ameamka alfajiri kusiriba sakafu, udongo na kinyesi cha ng'ombe, ule mchanganyiko unaopakwa kwa kiganja mpaka unaacha michoro ya nusu duara. Sakafu ile ikiwa mbichi hata paka akipita utajua ni paka gani. Na asubuhi ile ilikuwa inaanza tu kukauka.

Nilisimama kizingitini, mikono mfukoni, nikaisoma.

Kulikuwa na nyayo za peku, nyingi, kutoka mlangoni hadi katikati ambako damu ilikuwa. Niliwauliza wanawake pale uani nani aliingia. Watatu tu, wakaniambia, ndio waliomtoa Boke nje, na wote watatu walikuwa peku. Nikawatazama miguu. Kweli.

Lakini pembeni mwa mlango, karibu na mtungi wa maji, ambako wale wanawake hawakufika, kulikuwa na alama moja safi kabisa ya akala. Akala ni kiatu cha tairi, kila mwanaume pale alikuwa nacho. Mistari ya tairi ilikuwa imekwenda mshazari. Kwenye kisigino kulikuwa na vichwa viwili vya misumari, na tundu mahali ambapo wa tatu ulikuwa umeng'oka. Upande wa nje umelika sana, mtu wa kutupa mguu.

Akala ni nyingi, lakini misumari hupigwa kwa mkono. Hakuna mbili zinazofanana baada ya mwaka mmoja wa kutembea.

Nikajisikia mpelelezi mkubwa. Nikatoa kijidaftari changu, si kile cha serikali, changu binafsi, nikaichora. Nikainama bila kukanyaga, nikaipima kwa mkono: shibiri moja na vidole vitatu. Nikaandika saa. Mpaka hapo mwalimu wa Pwani angenisifu.

Kama saa sita habari zikafika kwamba Boke ameaga dunia njiani.

Mnajua kilio cha kwetu. Hakisubiri mtu. Dakika chache uwanja ulijaa, na wengine wanasikika kutoka mabondeni wakija. Mama mkwe wa Boke, Min Okoth, yaani mama yake Okoth, alitoka nyumbani kwake akiwa amejifunga leso kiunoni, akanijia. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nyathiwa," akaniita, mtoto wetu. "Watu wanakuja kulia mke ya Okoth. Wataingia wakute damu yake hapo chini kama ya mbuzi?"

"Dani," nikamwita, yaani bibi, "polisi wa Homa Bay wanakuja. Wacheni kwanza."

"Wanakuja saa ngapi?"

"Sijui, Dani."

"Wewe unajua mama yako alitoka wapi. Damu ya mtu haikanyagwi. Wacha tumfiche aibu, hiyo tu."

Nyuma yake wanawake watatu walikuwa tayari na karai la udongo. Wananitazama. Wengine walikuwa shangazi zangu kwa kuhesabu ukoo. Na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, bunduki begani, na aibu tele usoni.

Nikajiambia mambo mawili. Kwanza, mwili haupo hapa, kwa hiyo scene iko huko uliko mwili. Pili, ile alama ninayo mfukoni, nimeshaichora, inatosha.

Yote mawili ni upumbavu. Mchoro wa konstebo si alama. Hauna kina, hauna ushahidi wa mtu wa pili, hakimu hawezi kuuweka kiatu juu yake. Ningeweza angalau kufunika ile pembe kwa beseni na kuketi juu yake mpaka kesho. Beseni lilikuwa pale pale mlangoni! Ningewaambia siribeni katikati, huku kwenye mtungi msiguse. Wangekubali, wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanamheshimu marehemu kwa njia wanayoijua.

Nikasema, "Sawa, Dani."

Na nitasema yote maana niliahidi ukweli. Maji yaliwapungukia. Mimi ndiye niliyeenda kwenye pipa nikawaletea ndoo. Dani akanishukuru, "Ero kamano, nyathiwa."

Sakafu ikatoka nzuri, laini. Michoro ya nusu duara toka ukuta hadi ukuta.

Saa tisa hivi kukawa na kelele barabarani. Askari wa chifu walikuwa wamemkamata kaka yake Boke.

Marwa alikuwa amefika jana yake kutoka Kegonga, kuleta habari kwamba mama yao anaumwa sana na anataka kumwona Boke. Wakwe wakakataa asiende mpaka Okoth arudi. Maneno yakawa makali, na Marwa akasikika akisema, "Mtajuta nyinyi." Kijiji kizima kilikuwa kimelisikia neno hilo. Na alikuwa Mkuria, mgeni. Basi kesi ilikuwa imeisha kabla haijaanza.

Walimkuta wapi? Ameketi kwenye benchi la zahanati, anangoja zamu yake achukue dawa ya mama yake. Nimefikiria benchi hilo miaka mingi. Mtu aue dada yake, halafu aende akapange foleni?

Alikuwa amevaa gambuti nyeusi, za kulimia.

Koplo akafika dakika hizo hizo na Land Rover na watu wawili wa CID, mmoja ana kamera shingoni. Marwa alipomwona mtu mwenye kamera alianza kupiga kelele, na mikono imefungwa nyuma.

"Afande! Afande, angalia chini ndani ya nyumba! Nilitoka jua ikitoka, nilimwacha akipaka nyumba, aliniambia nisikanyage! Mimi niko na hii gambuti tangu nyumbani! Angalia chini kama kuna gambuti!"

Wakuu, alikuwa anafundisha somo zima la mwalimu wa Pwani, na hakuwahi kukaa chuoni hata siku moja. Aliyeingia baada ya sakafu kusiribwa aliacha alama. Ambaye hana alama, hakuingia. Na mimi nilijua kwa macho yangu kwamba sakafu ile haikuwa na gambuti hata moja. Ilikuwa na akala.

Koplo akaenda mlangoni. Akatazama sakafu inayong'aa kwa unyevu. Akaelewa, niliona mgongo wake ukielewa. Akageuka taratibu, mbele ya wale CID, mbele ya chifu, mbele ya kijiji chote.

"Konstebo. Ulikuta alama yoyote hapa?"

Nilihesabu haraka sana. Nikisema ndiyo, swali linalofuata ni iko wapi. Na jibu la hilo ni kazi yangu, labda na kizimba.

Kijidaftari kilikuwa mfuko wa kushoto. Nilikisikia pale kifuani.

"Hakuna, Koplo. Nilikuta hivi."

Marwa akanitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu aliyesikia vibaya, anasubiri nirudie. Sikurudia.

Hayo ndiyo maneno yangu, nikayaweka kwenye statement, nikatia sahihi. Yule wa CID hakufungua hata kamera.

Nyinyi mnaosoma law mtanisahihisha, lakini kosa la mauaji lilikuwa halina dhamana wakati ule. Marwa akakaa rumande zaidi ya miaka mitatu. Kesi inaahirishwa, shahidi hayupo, faili limepotea, jaji amehamishwa. Mama yao akafa mwaka wa kwanza. Alizikwa bila Boke na bila Marwa.

Miezi yote hiyo nilikuwa napita soko la Oyugis siku za mapumziko macho chini, natafuta kisigino chenye misumari miwili na tundu. Watu walidhani nimeangusha kitu. Sikukipata. Nani alimuua Boke, sijui hadi leo, na sitawadanganya kwamba ninahisi mtu fulani.

Kuna usiku niliamua kesho nakwenda kusema. Kesho ikifika nakumbuka mshahara, nakumbuka wadogo zangu wanne shuleni. Ujinga wa saa moja ningeusamehe. Huu wa kila asubuhi ndio siwezi.

Mahakamani wakili wa Marwa aliniuliza, "Sakafu hii ilisiribwa kabla au baada ya wewe kufika?"

Nikasema sikumbuki.

Jaji alimwachilia. Lakini sikilizeni alivyoachiliwa: kwa shaka. Alisema mahali pa tukio pameharibiwa, na upande wa mashtaka haukuthibitisha. Kwa sheria Marwa alikuwa huru. Kwa watu alikuwa muuaji aliyebahatika. Kwa wakwe hakuweza kukanyaga. Kule kwao Kegonga wakasema ameponea kwa wakili. Na Akinyi, yule binti wa Boke, akalelewa na bibi yake akijua jambo moja, kwamba mjomba ndiye aliyemmaliza mama.

Ile karatasi niliichana kutoka kwenye kijidaftari nikaiweka ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Nimehama stesheni saba nayo. Nimestaafu nayo. Mke wangu aliwahi kuiona akauliza hiki kiatu ni cha nani. Nikamwambia ni cha kazi.

Sasa baada ya ule uzi wa wiki jana, nilishindwa. Jumamosi nilipanda gari mpaka Migori, nikaunganisha hadi Kegonga. Niliuliza njia, nikaonyeshwa.

Marwa sasa ni mzee, ana mvi tupu. Analima mahindi na ndizi. Alinijua kabla sijajitambulisha, akaleta kiti, akanipa maji. Nyumba yake ni ya udongo kuta zote, lakini sakafu ni ya simiti. Akaona naiangalia.

"Nilianza na hiyo," akasema. "Kabla ya mabati, kabla ya kitanda. Sakafu ya udongo siwezi kulala juu yake."

Nikamweleza yote. Ndoo ya maji, daftari, neno "hakuna". Nikaitoa karatasi nikamwekea mapajani. Wino umefifia, lakini misumari miwili na tundu vinaonekana vizuri.

Akaifuata mistari kwa kidole. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa panga, Mungu ni shahidi.

"Ilikuwa mfukoni mwako siku ile? Nikipiga kelele?"

"Ndio."

"Ilikuwa kwako hata tukiwa kortini?"

"Ilikuwa nyumbani. Ndio."

Akaikunja vile vile ilivyokuwa imekunjwa, akanirudishia.

"Mimi sina kazi nayo. Mimi nilijua viatu vyangu siku zote. Ambaye hajui ni Akinyi. Ako Rangwe, ana watoto, hajawahi kunisalimia. Mpelekee yeye."

Nikamwambia nisamehe. Akasema tutaongea hayo nikishatoka kwa Akinyi. Akanisindikiza mpaka barabarani, akangoja nipate gari, kama mgeni wa heshima. Hiyo iliniumiza kuliko panga.

Nimejifunza nini? Mafunzo yangu ni ya bei mbaya lakini nawapa bure. Mkikuta mahali pameharibika, duka limevunjwa, mtu ameumia, msifagie. Msioshe. Msinyooshe kiti. Najua mikono inawasha kusafisha, na kwetu usafi ndiyo heshima ya kwanza kwa marehemu. Ngojeni. Mkishindwa kabisa kungoja, funikeni kwa beseni. Heshima ya marehemu itangoja masaa matatu, na aliye hai huenda hana kingine cha kumwokoa. Na wewe kijana unayesimama nje ya utepe ukichekwa, simama. Ukikosea, sema umekosea siku hiyo hiyo, mbele ya hao hao watu. Bei haishuki ukingoja. Mimi nimengoja.

Kesho asubuhi naenda Rangwe. Karatasi iko hapa mezani ninapoandika, nimeiwekea kikombe isipeperuke. Nimejaribu kupanga maneno tangu jana na kila ninaloanza nalo linakuwa la kujitetea mimi.

Basi wakuu, maoni yenu nayahitaji kweli, na dada zetu humu zaidi. Mngekuwa ninyi ni Akinyi, mzee msiyemjua anabisha hodi na mchoro wa kiatu mkononi, mngetaka aanze na neno gani?